Sirudi Mvunguni

Mwaka uliopita, kwenye mashindano ya sayansi ya shule za upili, Mejumaa Katana alikaa chini ya meza asubuhi nzima. Juu ya meza hiyo palikuwa na lango la mbao lililosifiwa kuwa linajifungua lenyewe kila gari la kuchezea likilikaribia. Waamuzi walipita, wakatazama, wakasema ajabu. Ajabu yenyewe ilikuwa imejikunja nyuma ya kitambaa cha meza, kamba kidoleni, magoti kidevuni, ikisikilizia kikohozi cha mwalimu. Mwalimu Dishon akikohoa, Mejumaa huvuta. Akikohoa tena, hulegeza. Shule ikapata cheti, picha ikapigwa, na kwenye picha hiyo Mejumaa hayumo, kwa sababu ilipigwa kabla mtu hajakumbuka kumwambia atoke.

Alichaguliwa kwa udogo wa mwili wake. "Wewe waenea popote," mwalimu alimwambia, akidhani amemsifu. Siku ile Mejumaa alicheka na wenzake, maana angefanya nini? Lakini alitoka mvunguni na miguu yenye ganzi na hasira ambayo haikupoa mwaka mzima. Ganzi iliisha kabla hajafika nyumbani.

Sasa ulikuwa mwaka wa 1995 na Mejumaa alikuwa kidato cha nne. Baada ya hapo ni mtihani na kwaheri, kwa hiyo kama ni kusimama mbele ya waamuzi, ni mwaka huu au basi. Akaunda winchi. Babake alikuwa kuli wa Kilindini na tangu utotoni alimsikia akisimulia jinsi winchi za bandarini zinavyonyanyua makasha, zikayapeleka juu ya meli na kurudi gatini. Yake ilikuwa na miguu minne ya mbao, reli mbili za fimbo za pazia zikipita juu, na toroli dogo la bati lenye magurudumu lililovutwa na uzi mgumu, mzigo ukining'inia chini yake. Uzi ulivutwa na mota ya feni iliyotolewa kwenye gari bovu huko Makupa. Upande mmoja wa reli palikuwa na boksi lililopakwa rangi kuwa meli, upande wa pili ubao uliokuwa gati.

Mbele kulikuwa na swichi ya kugeuza. Ukiisukuma kuelekea meli, toroli huenda melini, ukiivuta, hurudi gatini, ukiiweka katikati, hutulia. Hiyo ilikuwa kazi ya dereva. Lakini winchi ya kweli haimtegemei dereva peke yake, maana dereva ni binadamu, huchoka na hupitiwa. Kila mwisho wa reli Mejumaa alifunga kitufe alichokitoa kwenye friji lililokufa, kile kidude cha mlangoni ambacho mlango ukikibonyeza, taa ya ndani huzima. Hesabu yake ilikuwa nyepesi. Toroli likifika mwisho, litabonyeza kitufe kama mlango wa friji, stima itakatika, toroli litasimama.

Halikusimama. Siku ya kuonyeshana shuleni, ile shule yao ya wasichana nyuma ya Kibokoni, mwalimu mkuu alikuja mwenyewe, akapewa kiti. Truphosa, mwenziwe Mejumaa katika kazi hii, msichana mrefu aliyehamia pwani na wazazi wake kutoka magharibi, alieleza kwa Kiingereza cha kunyooka. Mejumaa akasukuma swichi. Toroli likaondoka kwa mbwembwe, likabonyeza kitufe, likakivuka, likatoka relini, likadumbukia ndani ya meli pamoja na mzigo wake. Wasichana wa kidato cha kwanza walipiga makofi, wakidhani ndivyo lilivyokusudiwa.

"Hii itatuaibisha," mwalimu mkuu alisema kwa upole, akaondoka.

Mwalimu Dishon alibaki. Tusimwonee, hakuwa mtu mbaya. Alifundisha fizikia vizuri kuliko mishahara ya siku zile ilivyostahili, na kila siku alitembea na bisibisi mfukoni mwa shati, kando ya kalamu. Ila alikuwa na woga wa kushindwa, na mtu mwenye woga huo hupenda sana njia za mkato.

"Mejumaa, tusidanganyane," alisema. "Siku zimekwisha. Truphosa atasimama mbele, ana urefu na ana sauti. Wewe nitakuwekea swichi ya taa ya kitandani, yenye waya mrefu. Ukae chini ya meza. Toroli likikaribia mwisho nitakohoa, nawe ukate stima."

"Na vitufe vyangu?"

"Vitakuwepo. Vya kuonekana."

"Mwalimu, mimi sirudi chini ya meza."

"Binti, mtaka cha mvunguni sharti ainame."

"Nishainama, mwalimu," Mejumaa alimjibu. "Mwaka jana n'liinama asubuhi nzima, na sikuona kitu huko ila viatu vya watu."

Truphosa alijifanya anakohoa ili asicheke. Mwalimu Dishon hakucheka. Alisema kama ifikapo Ijumaa winchi haijajisimamisha, basi ama Mejumaa anaingia mvunguni, ama winchi inabaki shuleni na nafasi inapewa jiko la vumbi la mbao la wenzao akina Cynthia. Achague. Mejumaa alisema hachagui hata moja kati ya hayo mawili, akaibeba winchi yake pamoja na toroli lililopinda, akaenda navyo nyumbani.

Nyumbani kwao ni Majengo, nyumba ya vyumba sita vinavyotazamana, katikati ukumbi mrefu, na mbele baraza ya saruji. Jumamosi alitandika jamvi ukumbini, akaiunda winchi upya, akaanza kugombana nayo. Kwanza alidhani mota ina nguvu kupita kiasi, akapunguza betri. Toroli likawa linajikokota, na likipewa mzigo halijongei kabisa. Akarudisha betri. Akaweka vizuizi vya mbao mwisho wa reli. Toroli likagonga vizuizi, mota ikaendelea kuvuta, uzi ukakatika. Akakaza vitufe kwa gundi, akavisogeza mbele zaidi hadi mwisho kabisa wa reli, akiamini kuwa kikomo ni kikomo na mahali pake ni mwishoni. Toroli likadumbukia vile vile. Alilitukana kwa matusi ambayo nyanya yake, aliyekuwa akipeta mchele mlangoni mwa chumba chake, alijifanya hakuyasikia.

Kitu kimoja alikigundua kwa kulifuata toroli kwa jicho badala ya kulilaani. Kitufe kilifanya kazi. Toroli lilipokigusa, mota ilinyamaza kweli, lakini toroli halikujua kuwa limekatazwa. Lilikuwa na mbio zake, likaserereka. Na likishakivuka kitufe, kitufe kinachomoka tena, stima inarudi, na mota inaamka kumalizia uharibifu. Alijua ubaya ulipo. Dawa yake hakuijua, na hilo lilimuuma zaidi.

Truphosa alifika alasiri, na njiani alikuwa amenunua viazi vya karai. Alipanda baraza, akavua viatu, akapita mlango uliokuwa wazi, akatembea mpaka katikati ya ukumbi, na hapo ndipo alipopaza sauti.

"Hodi!"

Nyanya aliweka ungo chini.

"Hodi ya wapi nawe ushaingia?" aliuliza. "Umefika ukumbini, viatu mkononi, ndipo wapiga hodi! Je, na kama mwenye nyumba yuwavaa?"

"Shikamoo, nyanya."

"Marahaba, mwanangu. Hodi hupigwa barazani. Ukiipigia huko, mtu hupata nafasi ya kujisitiri, nawe hupata nafasi ya kusimama. Ukiipigia ndani, hiyo si hodi, hiyo ni habari kuwa umeingia. Hebu rudi nje."

Truphosa, kwa heshima na kwa kicheko alichokibana, akarudi mpaka barazani, akapiga hodi upya, akaitikiwa karibu, akaingia kama mtu. Nyanya akaokota ungo wake. Kwake yeye mambo yalikuwa yamekwisha.

Kwa Mejumaa yalikuwa ndiyo kwanza yanaanza. Alikuwa amechutama na bisibisi mkononi, anatazama kitufe chake mwisho kabisa wa reli.

"Kinapiga hodi ndani," alisema.

"Nani?" Truphosa aliuliza.

"Hichi! Tumekiweka chumbani. Toroli lagonga hodi na lishaingia. Tukirudishe barazani!"

Akakiondoa kitufe mwisho wa reli, akakileta nyuma, shibiri nzima kabla ya ukingo. Wakajaribu. Toroli likagusa kitufe, mota ikanyamaza, toroli likaserereka, likakivuka kitufe, na kitufe kikachomoka, na mota ikaamka. Likadumbukia.

"Hodi limepiga," Truphosa alisema huku akitafuna kiazi, "lakini halikungoja."

Alisema kwa mzaha. Mejumaa akainuka, akaenda jikoni, akarudi na kopo tupu la samli na mkasi. Akakata ukanda mrefu wa bati, akaupinda ncha, akaufunga chini ya toroli. Sasa toroli halikukigusa kitufe kwa ncha moja na kukiacha. Ukanda ulikikandamiza na kuendelea kukikandamiza muda wote ambao toroli lilikuwa likiserereka. Hodi ikawa ndefu. Wakajaribu, na toroli likafika barazani, likanyamaza, likateleza polepole, likasimama kabla ya ukingo, limetulia na mzigo wake ukibembea. Wasichana wawili walipiga kelele hata jirani wa chumba cha pili akatoka na mswaki kinywani.

Furaha haikudumu. Mejumaa alivuta swichi ili toroli lirudi gatini. Kimya. Akavuta tena. Toroli lilikuwa limekalia kitufe, na kitufe kilikuwa kimekata stima, na stima ikikatika imekatika, haiulizi kama waenda au warudi. Alilisukuma kwa kidole, likatoka kwenye kitufe, likaenda zake. Lakini winchi inayosukumwa kwa kidole ina tofauti gani na lango linalovutwa kwa kamba? Ni mkono ule ule, ila umehama kutoka chini kuja juu.

"Tumemwalika mgeni," Truphosa alisema, "kisha tumemfungia."

Dawa ya hili ilitoka darasani, na haki yake apewe Mwalimu Dishon. Yeye ndiye aliyewafundisha daiodi, kipande kidogo chenye miguu miwili na mstari upande mmoja, ambacho hupitisha stima kwa upande mmoja na kuizuia kwa upande wa pili. Aliuchora ubaoni mlango unaofunguka nje tu. Jumatatu Mejumaa alinunua daiodi mbili kwa fundi redio, akaziunga kila moja ubavuni mwa kitufe chake. Toroli likienda melini na kukibonyeza kitufe, stima haina pa kupita, mlango umefungwa. Lakini swichi ikigeuzwa, stima huja kutoka upande wa pili, inaikuta daiodi imefunguka, inapita, na toroli linarudi.

Zilitaka subira. Daiodi moja aliifunga kinyume, na toroli likakataa kusimama, kisha likakataa kurudi. Hapo ndipo alipojizoesha jambo ambalo hakuliacha tena. Kabla ya kulipa toroli safari nzima, alilianzisha katikati ya reli, na lilipokuwa likienda alikibonyeza kitufe cha mbele yake kwa kidole. Likisimama, kila kitu kiko sawa. Lisiposimama, unarudisha swichi katikati mapema, kabla halijafika popote pa kujiumiza. Truphosa aliliita zoezi hilo kupiga hodi kwa kidole.

Alhamisi mwalimu alionyeshwa. Toroli lilikwenda, likasimama, likarudi, likasimama. Lilifanya hivyo mpaka betri ikapata joto.

"Vizuri," Mwalimu Dishon alisema. "Vizuri sana. Mungu akipenda, na huko litafanya hivi."

"Litafanya, mwalimu."

"Mashine ni mashine, Mejumaa. Huwa zinachagua siku ya kukuumbua."

"Na mimi nitasimama juu?"

"Utasimama juu," alisema, lakini hakumtazama.

Mashindano yalifanyika katika ukumbi mmoja wa Tononoka. Meza zilipangwa kando ya kuta, kila moja na kitambaa cheupe kilichoning'inia mpaka sakafuni. Mejumaa alikiinua cha meza yao, akachungulia mvunguni, akakishusha. Waliifunga winchi, wakaipigia hodi kwa kidole pande zote mbili, ikaitika. Waamuzi wangefika upande wao baada ya chakula. Truphosa akaenda kula, Mejumaa akaenda kuswali adhuhuri, na Mwalimu Dishon akasema msiwe na wasiwasi, nitabaki na mashine.

Waamuzi walikuwa watatu. Aliyeongoza alikuwa Bwana Kavumbi, mtu mnene aliyezeekea kwenye karakana ya winchi za bandarini, aliyekuwa mwamuzi mwaka uliopita pia, na ilisemekana hapendi hotuba. Truphosa alianza maelezo yake, naye akainua mkono.

"Nimeelewa ni winchi," alisema kwa Kiswahili. "Nionyesheni ikisimama."

Mejumaa aliweka toroli katikati ya reli. Akasukuma swichi kuelekea meli. Toroli likaenda gatini.

Alishtuka, lakini kidole chake kilikuwa na mazoea kuliko yeye. Kilikwenda chenyewe kwenye kitufe cha gatini, kikabonyeza. Mota haikunyamaza. Toroli lilikuwa linakuja tu, linaongeza mbio. Akarudisha swichi katikati, toroli likaserereka, likasimama karibu kabisa na ukingo. 

Hapo akakisikia kikohozi.

Mwalimu Dishon alikuwa amesimama nyuma ya meza, karibu na ukuta. Alikohoa tena, akatupa jicho chini, pale kitambaa kilipogusa sakafu. Mejumaa alifuata jicho lile na kuona kitu ambacho asubuhi hakikuwepo. Waya mweusi ulitoka kwenye mota, ukapita ukingoni mwa meza, ukazama nyuma ya kitambaa. Huko chini, bila shaka, ilikuwepo swichi ya taa ya kitandani, inamngoja. Mwalimu alikuwa amezifungua nyaya mbili za mota ili aingize waya wake, na alipozirudisha alizirudisha kinyume. Nyaya zote mbili zilikuwa nyeusi, na yeye alikuwa na haraka. Mota ikawa inazunguka kinyume, na kila daiodi ikawa inafungua mlango uliopasa kufungwa.

Alikohoa mara ya tatu, na, Mungu amsamehe, magoti ya Mejumaa yakaanza kujikunja. Hakuyaamuru. Yalikumbuka yenyewe, maana mwili ukishafundishwa kuinama kwa kikohozi hauhitaji kuelezwa tena. Aliuona mvungu ule, akaisikia harufu ya vumbi la kitambaa, akaiona picha ambayo hayumo. Angeingia, wangeambiwa kuna waya umelegea, Truphosa angeendelea na Kiingereza chake, na cheti kingepatikana. Ilikuwa rahisi mno. Hasira ya mwaka mzima ikampanda kutoka miguuni mpaka kooni, akayakaza magoti yake, akasimama wima.

"Mwalimu," alisema, kwa sauti ambayo hata meza ya pili waliisikia, "naomba bisibisi yako."

 Mkono wa Mwalimu Dishon ulikwenda mfukoni mwa shati, ukakaa pale.

"Kuna tatizo?" Bwana Kavumbi aliuliza.

"Lipo, bwana," Mejumaa alisema. "Nyaya za mota zimegeuzwa. Nitazirekebisha hapa hapa, mbele yenu. Sihitaji muda mrefu. Nahitaji bisibisi."

 Truphosa, ambaye mwalimu alikuwa akimtegemea amwokoe kwa maneno, alifumba mdomo na kumtazama mwalimu wake usoni bila kupepesa. Mwalimu Dishon akaitoa bisibisi. Aliishika kwa ncha, akampa Mejumaa upande wa mpini, kama anavyokabidhi mtu mwenye adabu, na uso wake ulikuwa umejaa aibu.

Mejumaa alifungua nyaya. Waya uliozama chini ya kitambaa akauvuta, ukaja wote, na mwisho wake ikaja swichi ndogo nyeupe ya taa ya kitandani, inagongagonga ukingo wa meza. Angeweza kuificha kiganjani. Aliiweka juu ya kitambaa, mbele ya waamuzi, kando ya gati. Bwana Kavumbi akaitazama swichi ile, akamtazama mwalimu, akamtazama msichana.  Mejumaa alizirudisha nyaya za mota mahali pake, akakaza, akaweka toroli katikati ya reli.

Akasukuma swichi kuelekea meli. Toroli likaenda melini. Akabonyeza kitufe kwa kidole. Likasimama. Akavuta, likarudi upande wa gati, akabonyeza cha pili, likasimama.

"Sasa naiachia," alisema, akainua mikono yake miwili juu, vidole wazi, watu wote waione.

Hapana, kwanza ilimbidi aisukume swichi, kwa hiyo alishusha mkono mmoja, akasukuma, akaunyanyua tena, na watu wakacheka kidogo, naye hakujali. Toroli likaondoka. Likafika barazani, likakalia kitufe, mota ikanyamaza. Likateleza juu ya hodi yake ndefu, likasimama. Ukingo ulikuwa mbele yake, na halikuutaka.

"Lirudishe," alisema Bwana Kavumbi.

Likarudi, likasimama gatini.

Bwana Kavumbi akatoa mfukoni shada la funguo, zito, funguo za karakana nzima, akalitundika chini ya toroli pamoja na mzigo. Reli zikapinda kidogo katikati. "Mzigo ukizidi, mbio huzidi," alisema. "Kule kwetu, toroli likipita kikomo, hatuokoti boksi. Tunaokota watu. Peleka."

Mejumaa alijua kuwa hajawahi kulijaribu kwa uzito ule. Alijua pia kuwa alikiweka kitufe shibiri nzima nyuma, na Truphosa alikuwa amelalamika kuwa baraza ni pana mno, inakula reli. Akasukuma. Toroli likaanza kwa kusitasita, likachanganya, likaja kwa kishindo. Likapiga kitufe, mota ikanyamaza, na toroli likaserereka, likaserereka, ukanda wa bati ukikwaruza juu ya kitufe kwa sauti ya kukereketa meno. Baraza yote ikaliwa. Magurudumu ya mbele yakafika ukingoni, yakatulia hapo. Funguo zikabembea juu ya meli, zikatulia nazo.

Mejumaa alivuta swichi, na toroli likarudi gatini na funguo za mwenyewe.

Bwana Kavumbi alizichukua, akazitia mfukoni. Kisha alifanya jambo ambalo mwamuzi hakulifanya mwaka uliopita. Alishika ukingo wa meza, akachutama kwa taabu, mtu mnene yule, akainua kitambaa, akaingiza kichwa mvunguni. Mwalimu Dishon alifumba macho. Mejumaa alitazama mgongo wa koti la mwamuzi, na akajua mzee huyu amelikumbuka lango.

"Hamna mtu huku chini," sauti ya Bwana Kavumbi ilisema kutoka mvunguni.

"Hamna," Mejumaa alimjibu. "Mtu yuko huku juu. Yuwaitwa Mejumaa Katana."

"Sikusikia vizuri."

Akalirudia jina lake, lote, kwa sauti iliyofika mpaka mlangoni, na akangoja palepale aliposimama mpaka mzee akatoa kichwa, akainuka, akamtazama usoni na kuliandika.